Simu Haina Tundu, Hedfoni Zina Waya

Nilipobadilisha simu, ile mpya ilikuja bila tundu la hedfoni. Hedfoni zangu ni za waya, kubwa, za kufunika sikio lote. Ndizo ninazotumia kila nikirekodi kwaya yetu, na usiku ndizo ninazovaa nikisikiliza tena tuliyoimba mchana. Sikuwa tayari kuziacha. Nikashuka Luthuli Avenue, mahali ambapo mtu wa Nairobi akitaka chochote chenye betri au waya huanzia, nikaomba kitu cha kuzifanya hedfoni zangu zishike Bluetooth.

Kibanda cha kwanza wakanitolea kidude cha ukubwa wa kidole gumba. "Mkubwa, hiki ndicho chenyewe." Nikalipa. Usiku nikakichomeka, na kabla ya wimbo kuanza nikasikia shhh isiyokatika, kama manyunyu juu ya mabati ya jirani. Kwaya ilipoingia, ilikuwa nyuma ya hayo manyunyu: soprano nyembamba, besi hazisikiki kabisa. Nikapandisha sauti hadi mwisho, na bado ilikuwa kana kwamba watu wanaimba chumba cha pili mlango ukiwa umefungwa.

Kidude hicho hakikuwa kibovu. Kilikuwa kipokezi cha gari, kile cha kuchomekwa kwenye redio ya gari ili simu icheze kupitia spika zake. Redio ya gari ina amplifaya yake, kwa hiyo kipokezi hakina mzigo wowote wa kubeba. Kinapeleka ishara hafifu na redio inaikuza. Hedfoni hazina amplifaya ndani. Zinahitaji kitu cha kuzisukuma. Vifaa hivi viwili hukaa kwenye kabati moja la kioo, vyote vina maandishi ya Bluetooth, vyote vina tundu la milimita 3.5, na tofauti yao ndiyo tofauti kati ya kusikia besi na kutozisikia.

Kile nilichopaswa kuomba ni amplifaya ndogo ya hedfoni yenye Bluetooth. Ni kisanduku kinachoenea kwenye kiganja, kina klipu ya kubana kwenye kola au mkanda wa begi, kina betri yake, na kina vitufe vya sauti na vya kurukisha wimbo. Mwaka 2018 kampuni ya Radsone ilitoa EarStudio ES100, na wengi waliopenda hedfoni zao za waya wakaona hapo kwamba hawalazimiki kuzitupa. Leo utasikia zaidi majina ya FiiO na mfululizo wake wa BTR, Qudelix-5K, Shanling na mfululizo wake wa UP, na Go Blu ya iFi. Haja yenyewe ilizaliwa pale Apple ilipoondoa tundu kwenye iPhone 7 mwaka 2016, na watengenezaji wengine wakafuata mmoja mmoja.

Ndani ya kisanduku kuna safari ambayo inafaa kuifuata hatua kwa hatua, maana ukiielewa, nusu ya maneno ya muuzaji hayatakubabaisha tena. Simu inaufungua wimbo. Halafu inaubana upya ili upite hewani, kwa sababu njia ya Bluetooth ni nyembamba. Kisanduku kinapokea mawimbi, kinaukunjua wimbo, na chipu yake inazigeuza zile namba za kidijitali kuwa umeme unaopanda na kushuka kama sauti yenyewe. Mwisho amplifaya inaupa umeme huo nguvu ya kutikisa utando mdogo ulio ndani ya hedfoni. Simu imebaki kuwa kabati la nyimbo na rimoti. Chipu yake ya sauti haishiriki kabisa, kwa hiyo simu ya bei nafuu na simu ya bei ya pikipiki, zikitumia njia ileile ya kubana, zitakupa muziki uleule.

Hapo ndipo swali ninaloulizwa kuliko yote linapojibika: je, kitakula bando? Hapana. Bando huliwa wimbo unapoingia kwenye simu kutoka intaneti. Wimbo wa kilobiti 320 kwa sekunde hula takriban megabaiti 144 kwa saa, uwe unausikiliza kwa kisanduku, kwa spika ya simu, au umezima sauti kabisa. Kutoka simu hadi kisanduku ni mawimbi ya hapo karibu, na hakuna mtandao unaokutoza chochote.

Sasa tuje kwenye nguvu, na hapa nitakaa, kwa sababu ndipo pesa za watu zinapopotelea.

Kwenye boksi la hedfoni huandikwa namba mbili. Ya kwanza ni omu, yaani jinsi hedfoni zinavyoupinga umeme. Ya pili ni wepesi wake: desibeli ngapi hutoka ukizipa miliwati moja. Watu hutazama ya kwanza na kuisahau ya pili, ilhali zinafanya kazi pamoja. Chukua iafoni za kawaida za kuingia sikioni, omu 16, zikitoa desibeli 105 kwa miliwati moja. Kuzifikisha desibeli 110, kilele kikali kabisa cha wimbo, unahitaji kama miliwati 3 tu, na umeme wa chini ya robo ya volti. Adapta ndogo ya USB ya kuchomeka hedfoni kwenye simu mara nyingi hutoa kama volti 1. Maana yake iafoni hizo zimeshiba zamani. Ukizinunulia amplifaya kwa sababu ya nguvu, umemnunulia mtoto wa chekechea lori la mchanga.

Hedfoni zangu ni za omu 250, na hutoa desibeli 96 kwa miliwati moja. Kuzifikisha desibeli zilezile 110 kunataka miliwati 25, na kwa upinzani huo mkubwa, volti 2.5. Ukizipa volti 1, zinaishia desibeli 102. Hiyo si sauti ndogo, na kwa nyimbo za siku hizi zilizobanwa studio hadi kila kitu kikawa juu, inatosha. Lakini rekodi ya kwaya iliyotoka moja kwa moja kwenye maikrofoni haijabanwa hivyo. Mstari wa kwanza wanaimba kwa kunong'ona, kiitikio wanafungua koo, na kati ya hayo mawili kuna desibeli 20 na zaidi. Ili nisikie mnong'ono vizuri, lazima niwe na akiba ya kutosha kwa kiitikio. Akiba hiyo ndiyo ninayoinunua.

Hesabu nyingine ya kukumbuka: ukiongeza nguvu mara mbili, unapata desibeli 3 tu, tofauti inayosikika lakini si ya kushangaza. Ili sikio likwambie kwamba sauti imekuwa kubwa mara mbili hivi, unahitaji desibeli 10, na desibeli 10 ni nguvu mara kumi. Kwa hiyo muuzaji anayekuonyesha kisanduku cha miliwati 100 na kingine cha 200 kwa bei ya juu sana, anakuuzia desibeli 3.

Tena hizo miliwati za kwenye boksi hupimwa kwa kawaida na mzigo wa omu 32. Kwa hedfoni za omu nyingi zinakuwa hadithi nyingine, maana kinachokwamisha hapo ni volti. Qudelix-5K, kwa mfano, hutoa volti 2 kwenye tundu la kawaida na volti 4 kwenye tundu lake la balansi. Kwenye omu 250, volti 2 ni miliwati 16, volti 4 ni miliwati 64. Kwa hedfoni kama zangu hiyo ni desibeli 108 na desibeli 114. Muulize muuzaji volti. Akikosa jibu, tafuta maelezo ya mtengenezaji kwenye simu papo hapo kaunta. Ni haki yako, na dakika mbili zinatosha.

Usidhani pia kwamba omu chache ni urahisi wakati wote. Hedfoni za aina ya planari, zenye utando bapa na mpana, huwa na omu chache, lakini baadhi ni nzito mno kuzisukuma, zinataka mkondo mwingi. Na zile iafoni zenye spika ndogo kadhaa ndani zina tabia kinyume: zina wepesi kiasi kwamba zitakusikilizisha hata shhh ya amplifaya yenyewe. Kwa hizo tafuta kisanduku chenye upinzani wa kutokea, yaani upinzani wa kisanduku chenyewe kwenye tundu la hedfoni, chini ya omu 1, na kiweke kwenye nguvu ya chini.

Kuhusu balansi nitasema kwa kifupi. Ni tundu la pili, la milimita 4.4 au 2.5, ambapo kila sikio lina amplifaya zake mbili na waya wake wa kurudi. Linakupa volti mara mbili. Linahitaji hedfoni ambazo waya wake umetenganishwa hadi mwisho. Na hili naomba ulishike: usichukue adapta ya kugeuza tundu la balansi kuwa la kawaida ukachomeka hedfoni za kawaida. Pini ya kawaida inaziunganisha nyaya mbili za kurudi, na amplifaya mbili zinajikuta zimefungwa shoti. Kisanduku kinaweza kufa hapo hapo.

Baada ya nguvu, kitu kinachowachanganya watu ni kodeki, yaani njia ya kuubana wimbo kabla haujarushwa. Kila kifaa cha Bluetooth cha kusikilizia muziki kinajua kodeki ya msingi, SBC, na kwa ubora wake wa kawaida wa juu SBC hupitisha kama kilobiti 328 kwa sekunde. Simu za Apple zinajua SBC na AAC, basi. Ukiwa na iPhone, usilipie kisanduku kwa sababu ya kodeki ya LDAC, maana simu yako haitaiongea kamwe. LDAC ni ya Sony, ya mwaka 2015, na imo kwenye Android tangu toleo la 8.0 la mwaka 2017. Ina ngazi tatu: kilobiti 990, 660 na 330. Kati ya SBC na LDAC ya juu kuna kodeki za aptX ya 352 na aptX HD ya 576, ambazo simu nyingi zenye chipu za Qualcomm huzijua.

Watu huona 990 wakasema huo ni ubora wa CD. CD ni kilobiti 1,411 kwa sekunde, kwa hiyo hata LDAC ikiwa juu kabisa bado inabana, ila kwa upole. Maoni yangu, baada ya kusikiliza sana kwenye chumba kimya usiku: AAC au aptX iliyotulia inatosha kwa muziki wa kila siku, na gitaa za benga zinazojibizana bado utazitenganisha moja moja. Rekodi ya kwaya ndipo ninapowasha LDAC, kwa ajili ya mwangwi wa kanisa unaofifia baada ya neno la mwisho. Kisanduku kikishaungana na simu ya Android, fungua mipangilio ya Bluetooth, gusa jina lake, na utaona kama LDAC imewashwa. Ukitaka kuchagua ngazi, ingia kwenye kuhusu simu, gusa nambari ya muundo mara saba, na chaguo za wasanidi programu zitafunguka.

Lakini ngazi ya 990 haikutengenezewa barabara ya Rongai saa kumi na mbili jioni. Bluetooth hutumia masafa ya gigahezi 2.4, yaleyale ya Wi-Fi nyingi na ya maikrowevu za jikoni. Hukwepa msongamano kwa kurukaruka hadi mara 1,600 kwa sekunde kati ya njia 79 ndogondogo. Ndani ya matatu iliyojaa, yenye Wi-Fi yake, na kila abiria ana simu na nusu yao wana vifaa vya masikioni, nafasi za kurukia zinapungua. Wimbo mnene unaanza kukatika. Ishushe hadi 660 au 330, au uiache simu ijichagulie yenyewe, na utatulia. Halafu kuna mwili wako. Mwili una maji mengi, na maji huyameza mawimbi haya. Simu ikiwa mfuko wa nyuma kulia na kisanduku kola ya kushoto, wewe mwenyewe ndiye ukuta. Viweke upande mmoja.

Hilo la mfuko lina faida nyingine ambayo kwa jiji hili naithamini kuliko kodeki zote. Simu yangu hukaa mfuko wa ndani wa jaketi tangu nipandapo hadi nishukapo. Narukisha wimbo na kupunguza sauti kwa kitufe cha kolani, na hata simu ikipigwa naijibu hapo hapo. Aliyewahi kunyakuliwa simu dirishani kwenye foleni anajua ninachosema.

Ukipigiwa simu, usishtuke sauti ikiharibika ghafla. Bluetooth ina njia moja ya muziki na nyingine ya mazungumzo, na ile ya mazungumzo ni nyembamba: sauti huchukuliwa mara 8,000 au 16,000 kwa sekunde badala ya 44,100. Ukikata, muziki hurudi ulivyokuwa.

Kuna pia kuchelewa. Kwa kodeki nyingi, kutoka simu hadi sikioni hupita kama sehemu ya tano ya sekunde. Programu nyingi za video huichelewesha picha ili midomo iende na maneno, kwa hiyo hutaona. Mpiga kinanda wetu alijaribu kufanya mazoezi kwa kisanduku changu ili asiwaamshe watoto, na kila noti ikawa inamfikia kidole kikiwa tayari kwenye noti nyingine. Kwa kazi hiyo ni waya tu. Bahati nzuri, vingi kati ya visanduku hivi hukubali kuchomekwa kwa USB kwenye kompyuta au simu, na hapo wimbo haubanwi tena na kuchelewa hupungua sana. Nyumbani mimi hutumia hivyo.

Nimeongea sana kuhusu umeme, na kuna jambo ninaloliogopa kwa dhati. Matatu ya Rongai ina spika chini ya viti, honi, injini na makanga anayepiga bati. Mtu akivaa iafoni zisizoziba vizuri, anapandisha sauti ili muziki uishinde kelele, na sasa nimemwonyesha kifaa chenye akiba kubwa ya kupandisha. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima anaweza kusikiliza desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Kila ukiongeza desibeli 3, muda unakatwa nusu: 83 ni saa 20, 86 ni saa 10, 89 ni saa 5, na 92 ni saa mbili na nusu kwa wiki nzima. Anayekaa kwenye foleni saa tatu kila siku amemaliza za wiki Jumatatu. Chembe za ndani ya sikio zinazosikia, zikifa haziwi mpya.

Kwa hiyo kabla ya kununua amplifaya, nunua vizibo bora vya iafoni zako, vya povu au vya mpira wa saizi yako halisi. Chukua ile pakiti ya saizi tatu uliyoitupa kwenye droo, ujaribu kila kimoja. Utajua umepata pale besi inaporudi ghafla na kelele ya injini inapokwenda mbali. Sikio lisilozibika hupoteza besi nyingi, na hakuna amplifaya inayoweza kuirudisha. Nimewaona watu watatu waliokuja kwangu wakitaka kisanduku wakaondoka na vizibo, wakatosheka. Ukivuka Waiyaki Way au unapitia njia ya bodaboda, toa sikio moja.

Betri ya kisanduku ni ndogo, na LDAC pamoja na nguvu ya juu huimaliza haraka kuliko AAC na nguvu ya chini. Usikiache kwenye dashibodi ya gari juani. Ukitaka kukiweka kabatini kwa miezi, kiweke kikiwa nusu chaji. Kikiwa kimechomekwa kwenye kompyuta siku nzima, angalia kama kina kitufe cha kuzuia kuchaji. Baadhi vinacho, na kinairefushia betri maisha.

Siku ya kununua, nenda na hedfoni zako mwenyewe na wimbo unaoufahamu hadi pumzi za mwimbaji, uliohifadhiwa ndani ya simu. Nenda asubuhi kabla spika za madukani hazijafunguliwa zote. Chomeka bila kuwasha wimbo, usikilize kama kuna shhh. Kisha cheza sehemu ya polepole. Ukilinganisha visanduku viwili, hakikisha sauti zao zinalingana, kwa sababu sikio hupenda kile kilicho juu kidogo na kukiita kizuri zaidi, na wauzaji wanalijua hilo. Weka simu mfukoni, geuka, tembea hatua tano, sikiliza kama inakatika. Fungua mipangilio uone kodeki iliyoshikwa kweli, si iliyoandikwa kwenye boksi. Kisha omba risiti yenye jina la kifaa na muda wa waranti. Kibanda cha pili nilikofanya haya yote, mwenye duka alinivutia kiti cha plastiki akaniambia nichukue muda wangu, na nikasikiliza kiitikio kile kile mara nne hadi nikazisikia besi zikiingia, wa kushoto akitangulia wenzake kidogo kama afanyavyo kila Jumapili.